Jani bichi kwenye dari ya pango

Tulifika kwenye mlango wa pango saa tatu asubuhi, jua limeshapanda na anga haina hata kijiwingu. Nilikuwa nimeshavaa kofia ngumu yenye tochi na kukaza kamba za buti. Nilichotaka ni kuingia tu. Mzee aliyetuongoza hakuwa na haraka. Aliupa mlango mgongo, akawa anatazama kilimani, upande kilikotokea kijito kabla ya kuzama chini ya mwamba.

"Wanangu, jana jioni mvua ilinyesha wapi?"

Mwenzetu akamjibu kwamba hapa haikudondoka hata tone.

"Sikuuliza hapa."

Mwamba wa chokaa haunyonyi maji kama udongo. Maji hupenya kwenye nyufa na mashimo yake, yakakusanyika pangoni. Mvua inaweza kupiga kilomita kadhaa huko juu, kwenye ardhi iliyokwisha kushiba maji, ikakufikia saa nyingi baadaye ukiwa unatambaa kifudifudi gizani, wakati nje ni kweupe. Utabiri wa hewa tulikuwa tumeuangalia, ila ule wa mahali tulipokwenda. Wa kule maji yanakotoka hatukuuangalia, na lile ni kosa ambalo sitalirudia.

Mzee akachomeka kijiti ukingoni mwa kijito, pale pale maji yalipoishia. Mwenzetu mmoja alibaki nje: tusipotoka saa nane, aite waokoaji.

Ukumbi wa kwanza ni mpana na mrefu kwenda juu, tuliupita upesi. Baada yake pango likaanza kubana, na hapo Mzee akapunguza mwendo na kumulika kuta. Juu kulikuwa na vumbi na utando wa buibui. Kuanzia usawa wa kifua kushuka, mwamba ulikuwa umesuguliwa, hauna hata chembe ya vumbi, umejaa vibonyeo vidogo vidogo mithili ya alama za kidole kwenye udongo mbichi. Vibonyeo vikiwa vidogo, akasema, jua maji yaliyovichonga yalipita kwa kasi.

Tukafika kwenye njia tuliyoifuata. Dari yake ilishuka hadi usawa wa goti, na ilikuwa ya kutambaa mita mia moja hivi. Nikalala chali, nikamulika juu. Kwenye ufa wa dari palikuwa pamenasa vijiti, povu lililokauka, na jani moja. Nililivuta. Lilikunjika bila kuvunjika. Lilikuwa bado bichi. Maana yake ni kwamba siku chache tu nyuma njia ile ilijaa maji hadi darini, na mtu aliyekuwa ndani hakuwa na pa kuvutia pumzi.

Niliwakumbuka wale vijana 12 na kocha wao walionaswa na maji katika pango la Tham Luang, Thailand, tarehe 23 Juni 2018. Walipatikana tarehe 2 Julai wakiwa hai kwa sababu walipata mahali palipoinuka pa kukimbilia. Hata hivyo kuwatoa kuligharimu maisha ya mzamiaji Saman Kunan. Katika mapango ya Mossdale, Uingereza, tarehe 24 Juni 1967, watu sita walikutwa na mafuriko kwenye njia za kutambaa, na hakuna aliyepona. Kwangu mimi swali kubwa kabla ya kuingia njia yoyote ni hilo: maji yakija, nitapanda wapi? Nikamulika mbele hadi mwanga ulipoishia. Hapakuwa na pa kupanda.

"Mzee, mimi siingii," nikasema. Akaitikia kwa kichwa, akageuka.

Tulitoka saa tano na nusu. Kijiti kilikuwa palepale, maji hayajasogea hata kidogo. Mwenzetu, aliyeitamani safari ile miezi mingi, alikitazama kwa uchungu, akasema tungeweza kwenda na kurudi. Sikuwa na jibu la kumpa. Tukakaa kivulini.

Ilipofika saa saba na robo kijiti kikaanza kutikisika. Yakatangulia majani makavu, kisha vipande vya magome, kisha maji yakageuka rangi ya udongo. Sauti ya kijito ikawa nzito. Mwenzetu akainuka, akasogea hadi ukingoni, akasimama pale bila kusema neno mpaka kijiti kikazama.