Kokoto na fagio la mavyaa

Wanangu walimkuta mtoto wa mbwa kwenye lundo la kokoto wakirudi kutoka chuo cha Kurani. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, mtaa wetu wa Makorora hapa Tanga maji matupu. Mama yake alikuwa amegongwa na lori siku mbili kabla, sote tulimwona kando ya barabara. Kati ya watoto watatu, aliyekuwa hai ni mmoja. Wakamleta ndani ya mfuko wa saruji, mkubwa kashika huku, mdogo kashika huku, na yeye kajikunja chini kama kitambaa kilicholowa.

Sisi ni Waislamu, na mkubwa wa nyumba ni mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito: akiramba chombo, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo kabla sijautazama vizuri ule mfuko nilimtazama yeye usoni. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ndani haingii. Lakini kwenye mvua hatumrudishi."

Kesho yake nikampeleka kwa bwana mifugo. Alimfunua mdomo akatuonyesha ufizi, mweupe kama karatasi. Safura, minyoo imemnyonya damu. Kwa kuangalia meno akamkadiria wiki tano. Mizani ikasoma kilo moja na robo. Tumboni na mapajani alikuwa na vinundu kumi na kimoja, kila kimoja kina kitundu katikati. Ni funza wa yule nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi, ambaye kwa ajili yake mama zetu wa pwani hupiga pasi mpaka nepi. Bwana mifugo alipaka mafuta ya mgando juu ya kila kitundu, akangoja. Funza akikosa hewa huchungulia. Hapo akambana taratibu kwa vidole viwili, pande zote mbili, mpaka akatoka mzima, mweupe, mnene kama punje ya wali. Wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na moja. Nilikuwa nimemshika kwa kanga yangu mbovu. Hakulia hata mara moja. Alitetemeka tu, pua kaisokomeza kwenye kiwiko changu, na tangu saa ile sikuwaza tena kumtafutia watu wa kumchukua.

Maziwa ya ng'ombe yalimharisha, tukayaacha. Alichopona nacho ni dawa ya minyoo na uji laini wa dona uliotiwa dagaa wa kupondwa, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Usiku alilia. Mume wangu akitoka zamu bandarini alimpitia uani kwanza, akambadilishia chupa ya maji ya moto tuliyoizungushia kikoi chakavu, ndipo akaingia kulala. Karibu na bomba tukaweka ndoo ya udongo safi. Mwanangu mdogo alijifunza kujitwaharisha kwa sauti, "ya kwanza, ya pili," mpaka ya saba, na kila mtoto akawa na nguo yake ya kuchezea na mbwa. Watu huniuliza kama haikuwa kazi. Ilikuwa kazi, na wiki ya tatu ikawa mazoea.

Kilichotuumiza zaidi ni fagio. Mavyaa hufagia uwanja kila asubuhi kwa fagio la chelewa, na Kokoto (jina alipewa na mdogo) akisikia ule mkwaruzo alijikojolea, akakimbilia nyuma ya mtungi. Kiumbe wa wiki tano, ameshapigwa kiasi hicho na nani? Mavyaa hakusema neno. Siku ya pili nikamwona amelilaza fagio chini katikati ya uwanja, ameweka vichwa vya dagaa hatua tatu kutoka pale, naye amekaa barazani na tasbihi yake. Kokoto alichungulia, akarudi. Kesho yake akafika kwenye dagaa. Kidogo kidogo vichwa vilisogea, hatua mbili, hatua moja, mpaka vikawekwa juu ya chelewa zenyewe. Ilichukua siku kumi na tisa. Alipoanza kufagia tena alifagia taratibu, polepole kama anayebembeleza mtoto, na Kokoto akimfuata nyuma kwa umbali wa dhiraa mbili. Hajawahi kumgusa, wala mimi sitarajii amguse. Lakini katika nyumba hii aliyemfundisha yule mbwa kutoogopa ni yeye.

Kizingiti cha mlango wa uani alikielewa mwenyewe. Hulala pale, mikono ameinyoosha mpaka kwenye ukingo, haivuki. Ijumaa moja mavyaa alikuwa akisoma Suratul Kahf, akafika kwa wale vijana wa pangoni na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini. Akainua macho akamtazama Kokoto kwa muda, kisha akaendelea kusoma.

Chanjo za parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, alianza wiki ya nane, ya kichaa cha mbwa akapata alipotimiza miezi mitatu, na tutairudia kila mwaka. Hili nawaomba wenye mbwa mlishike. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakina tiba, na sindano ya kila mbwa ni sehemu ya kinga ya mtaa mzima.

Sasa ana kilo kumi na moja. Ametafuna kandambili tatu, na kwenye moja tukakuta jino lake la utotoni limenasa. Mchaichai wangu ameufukua wote.

Wiki iliyopita, saa nane za usiku, alibweka kwa mara ya kwanza kwa sauti ya ukubwa. Nyumba nzima tuliamka. Mume wangu alikuwa zamu, nikashika tochi, mkubwa akanifuata nyuma. Kabla hatujafika mlangoni, dirisha la mavyaa likafunguka.

"Kokoto, kuna nini?"

Akanyamaza papo hapo. Tukasikia mkia wake ukipiga kwenye mlango.

"Haya, lala baba."

Asubuhi tulikuta shelisheli limeanguka, limepasuka, chini ya mti.