Tangu Ramadhani

Boliti ya kulia ya kiti cha choo cha mama ilikatika Jumamosi, saa tano kasorobo asubuhi, na kipande chake cha chini kikadondoka sakafuni pamoja na nati. Nilifurahi mno, hata nikapiga vigelegele peke yangu mle chooni. Hata hivyo, maneno machache aliyoniambia mama siku mbili kabla ya hapo hayajanitoka, na nimeyarudia kichwani hadi nayasikia dirishani kazini, katikati ya kuhesabu fedha za watu.

Mnakijua choo cha mama, kile cha kukaa tulichomwekea goti lilipomshinda kuchuchumaa. Alhamisi nilikuwa napiga deki humo, nikaikuta ndoo ya maji imesogezwa tena ubavuni mwa sinki la choo, mahali ninapoiondoa kila asubuhi ili sakafu ikauke. Nikamwuliza, na sauti yangu siku hiyo haikuwa nzuri.

“Mama, ndoo hii nani anairudisha hapa kila siku?”

“Mimi, mwanangu. Naishikilia. Kiti hicho kinacheza.”

“Kinacheza tangu lini?”

“Tangu Ramadhani. Usijisumbue, nimeshazoea kukaa upande.”

Ina maana kwamba kwa miezi yote hiyo mama alikuwa akikaa kwa paja moja, mkono mmoja ukiwa umeshika ukingo wa ndoo, na kila asubuhi mimi nilikuwa nikimwondolea kishikizo chake na kukisukuma mlangoni, naye akikirudisha kimya kimya kwa goti lile lile bovu. Wiki hiyo posa ya mdogo wangu imejibiwa na tawi letu limepata meneja mpya, lakini mkiniuliza habari za wiki nitawaambia: nimeshazoea kukaa upande.

Jioni ile ile nililala chali sakafuni na tochi. Kiti cha choo hushikwa na boliti mbili zinazopita katika matundu mawili nyuma ya sinki na kukazwa kwa nati chini yake. Ya kushoto ilikuwa imeliwa hadi hesi zake hazishiki tena, nikaitoa kwa vidole, na huko ndiko kiti kilikokuwa kikicheza. Ya kulia ilikuwa imegandana na nati yake kwa kutu, rangi ya hudhurungi, huwezi kuona nati inaishia wapi na boliti inaanzia wapi. Upepo wa bahari hapa Raskazone, Tanga, una sehemu yake katika jambo hilo, lakini kosa kubwa ni langu, kwa kuwa kila Ijumaa nimekuwa nikimwaga dawa ya klorini juu ya bawaba za kiti na kuiacha ilale bila kuisuuza, nayo ikichuruzika taratibu katika matundu ya boliti. Klorini hung’arisha sinki, lakini chuma hukitafuna.

Spana ilizungusha nati na boliti pamoja. Nikashika kichwa cha boliti kwa bisibisi bapa kutoka juu, mfereji wa bisibisi ukasagika. Nikaipaka mafuta ya taa na kuyaacha yapenye usiku kucha, na Ijumaa jioni nikayarudia tena, lakini nati haikusogea hata unywele. Fundi wa jirani alishauri tuipige kwa patasi na nyundo, nami nikakataa katakata, kwa sababu sinki ni udongo uliochomwa, hauna namna ya kupinda; pigo moja la pembeni hulipasua, na hapo mama asingekuwa na pa kukaa kabisa.

Basi Jumamosi nilitoa ubapa wa msumeno wa chuma kutoka katika fremu yake, nikaufunga kitambaa upande mmoja ili niushike, nikapanga vipande vya boksi juu ya sinki lisichubuke, kisha nikaupenyeza kati ya bawaba na udongo. Ubapa ni wa meno 24 kwa inchi, mdogo mdogo, na nafasi yenyewe haikuzidi upana wa kidole changu, kwa hiyo kila mvuto ulikuwa mfupi na unga wa chuma ulitoka kidogo kidogo kama chumvi nyeusi. Nilianza kwa majuto. Nusu ya kazi, mkono ukiniwaka, majuto yakageuka hasira: mama, kwa nini hukusema? Mtu anakaa upande tangu Ramadhani ndani ya nyumba ya mtoto wake wa kumzaa, anasubiri nini? Nikakata kwa hasira hiyo mpaka boliti ikaachia, nikashtukia hasira imekwisha na ninacheka.

Boliti mpya nimenunua za plastiki, kwa kuwa hizo hazishiki kutu, baada ya kupima katikati ya tundu moja hadi jingine na kupata milimita 155. Nikaweka washa za mpira, nikakaza nati kwa mkono, halafu robo mzunguko wa ziada, basi. Mama aliingia, akakaa wima, akajitikisa kulia na kushoto kama anayejaribu kitanda dukani, akasema, “Mashallah, kimetulia.” Jambo lingine hakusema. Jumapili asubuhi niliikuta ndoo ubavuni mwa sinki kama kawaida, nikapiga deki kuizunguka.

Kijana wangu wa Dodoma hajapiga simu tangu Ijumaa, na nikimpigia inaita mpaka inakatika. Nitajaribu tena baada ya swala ya isha.