Dagaa wangu walioloa Mwanga

Treni ya Tabora–Kigoma ilichelewa, tukafika. Gesti ya Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini, ikanitoza elfu thelathini kwa maji ya ndoo na chandarua chenye matundu. Kwetu Isevya, Tabora, kwa hela hiyo unaoga maji ya bomba.

Dagaa nilinunua Kibirizi, mwaloni, wakavu, wanang'aa. Bajaji ilipoingia Mwanga mvua ikashuka. Mtaro ulikuwa umezibwa na chupa za plastiki na maganda ya ndizi, maji yakapanda barabarani, bajaji ikazimika katikati. Gunia la chini likaloa lote. Nani atanunua dagaa waliooza? Iliniuma sana.

Mama mmoja muuza vitenge akaniita barazani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sogeza mzigo huku juu."

Mbele ya duka lake maji yalikuwa yanakimbia vizuri kabisa. Nikamuuliza kulikoni. Akatoa kaunta buku chini ya meza: elfu mbili kila duka kila Jumamosi, za vijana wa kuzibua mtaro na za mlinzi wa usiku. Kurasa za mwanzo zimejaa vema za wino wa bluu toka juu hadi chini. Za karibuni, mapengo ni mengi kuliko vema.

"Yule wa vifaa vya ujenzi pale kona anasema mlinzi atapita tu kwake hata asipotoa. Na kweli anapita! Wenzake wakiona, nao wanaacha."

Nikamsimulia Bloor West Village, mtaa wa maduka kule Toronto, Kanada. Treni ya chini ya ardhi ilipofika, wateja wakawa wanapita chini badala ya kupita mlangoni, na maduka makubwa ya pembezoni yakawavuta wengine. Michango ya hiari ikakwama palepale ilipokwama ya mama huyu. Mwaka 1970 sheria ikakata mzizi: eneo likiwekewa mipaka, kila mwenye biashara ndani yake analipa, mkubwa kwa mdogo. Jiji linakusanya pesa hiyo pamoja na kodi, kisha linairudisha kwa kamati ya eneo hilohilo, inunue taa, mabenchi na maua. New York leo ina maeneo zaidi ya 70 ya namna hiyo. Cape Town walianza katikati ya jiji mwaka 2000. Wenye majengo wanalipia walinzi na wafagiaji wa ziada.

Mama akafunga daftari. "Ikishapita halmashauri, mwanangu, itarudi?"

Hapo ndipo penyewe. Sisi ushuru wa huduma tunalipa na leseni tunalipa, na risiti ninazo kabatini, lakini mtaro wa Isevya tunazibua wenyewe kwa majembe. Pesa ya kamati haitakiwi kuingia kapu moja na ya halmashauri, na hilo liandikwe kwenye sheria kabla mtu hajatoa shilingi. Bila hivyo hata mimi sitoi.

Nimeamua kulipeleka wazo hili kwa wenzangu sokoni Tabora. Najua watakapong'ang'ania: kura. Mwenye kibanda cha nyanya na mwenye ghala la asali wahesabiweje? Uingereza kura hupimwa mara mbili: waliokubali wawe zaidi ya nusu ya waliopiga kura, na thamani ya majengo yao kikodi nayo izidi nusu ya ile ya wote waliopiga. Kisha kila baada ya miaka isiyozidi mitano wanapiga upya, na kamati iliyolala inaondoka.