Siku moja maishani mwangu: unywele ndani ya kidari cha kuku

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya chai nawasha leza, maana huchukua nusu saa kutulia. Hadubini yetu hupiga tishu kwa pigo la mwanga la nanosekunde (bilioni za sekunde) chache. Chenye rangi humeza mwanga, hupata joto kidogo, hutanuka, kikatoa ultrasaundi, sauti ya juu mno kwa sikio. Sisi tunaisikiliza. Alexander Graham Bell aligundua sauti hii ya mwanga mwaka 1880.

Saa 3. Natayarisha kidari cha kuku. Kwa sindano napitisha unywele wangu kimshazari, ukishuka hadi milimita 3. Unapopotea kwenye picha ndipo kina chetu kinapoishia. Juu natandaza agari (jeli ya mwani) nyembamba yenye melanini, rangi nyeusi ya ngozi. Utando huu niliudai mimi. Ngozi nyeusi kama yangu humeza sehemu ya mwanga mlangoni, na kina kilichopimwa kwenye nyama nyeupe tupu hakinitoshi.

Saa 4:30. Kwa mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 532, unywele unapotea kabla ya milimita 1. Mwanga unatawanyika kama taa za gari kwenye ukungu wa Lushoto. Kuongeza nguvu si dawa: kikomo cha usalama wa ngozi ni milijuli 20 za nishati kwa sentimita ya mraba, na melanini ndiyo ingeungua kwanza.

Saa 6. Sauti imekatika kabisa. Nakagua nyaya, programu, vioo. Saa mbili zimepita ndipo nakiona kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya ulezi, kimeng'ang'ania kipokea sauti. Ultrasaundi haivuki hewa. Nakitoa kwa brashi na kubadilisha maji yanayopitisha sauti kutoka kwenye nyama, safari hii yaliyochemshwa hewa itoke, yakapoa.

Saa 9 alasiri. Nahamia nanometa 1064, mwanga usioonekana kwa macho. Hapa mwanga hutawanyika kidogo, melanini humeza kidogo, na kikomo kinafika milijuli 100. Naacha kuukusanya mwanga kwenye nukta moja. Sauti yenyewe ndiyo itatuonyesha ilikotoka. Picha inapoteza ukali, tunaona makumi ya maikroni (elfu za milimita) badala ya maikroni chache, lakini nikijumlisha mapigo 64 kelele inapungua mara 8. Unywele unaonekana kupita milimita 2, chini ya melanini! Nimesimama nikiutazama mstari ule.

Saa 12 jioni. Naandika daftarini: unywele ni mweusi, damu si hivyo. Kwa 1064 damu humeza kidogo mno kuliko kwa 532, na mishipa itanong'ona tu. Kidari kingine nimekiloweka kwenye gliserini, ipunguze mtawanyiko. Kesho naanza nacho.