Jeneza la Magugu Maji

Wiki tatu zilizopita tulimzika jirani yetu, mama aliyekuwa na kitalu cha miche kando ya barabara inayoingia mtaani kwetu, na kamati ya mazishi ikanipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Wasifu wa marehemu huku kwetu una njia yake iliyokwisha kulimwa: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, aliugua lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Ugumu ulikuja katika kikao cha tatu cha matanga, pale binti yake aliposema kwamba mamake aliagiza usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake, na kwamba fedha za mashada ya maua zinunue miche. Watu walinyamaza. Mzee mmoja akauliza, kwa upole lakini bila kuficha, watu wa kwao watasemaje wakiona tumemleta nyumbani ndani ya kitu kama kikapu.

Nikawakumbusha Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, aliyefariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 71, baada ya kuugua saratani. Naye alikuwa amewaagiza watu wake wasimzike katika jeneza la mbao. Likatengenezwa jeneza la fremu ya mianzi, lililosukwa kwa mafunjo na magugu maji. Aliyewahi kufika Kisumu au Homa Bay anayajua magugu hayo: ndiyo yanayofunika ziwa hadi mashua ya mvuvi ikakwama kana kwamba imeingia shambani. Shina lake likianikwa huwa jepesi, na mafundi hulisuka kama ukili wakapata viti na vikapu. Sijui kama kuna jambo lingeweza kumweleza Profesa Maathai vizuri zaidi kuliko kulazwa ndani ya gugu ambalo kila mtu analitamani liondoke, huku mti ukibaki umesimama msituni.

Mazishi yake yalikuwa ya kitaifa, nayo yalifanyika tarehe 8 Oktoba katika uwanja wa Uhuru Park. Mwaka 1989 alikuwa ameupinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika uwanja huo huo, akatukanwa na wakubwa na kudhihakiwa bungeni, mpaka mpango wenyewe ukaachwa. Mwaka 1992, katika kona ya uwanja huo, alipigwa na polisi hadi akazirai alipokuwa pamoja na akina mama waliodai watoto wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Kwa hiyo hotuba za siku ile, nzuri kama zilivyokuwa, mimi nilizisikiliza kwa sikio moja. Sifa hutolewa na aliye hai, naye huchagua la kusema. Jeneza peke yake ndilo lililokuwa neno la marehemu mwenyewe.

Kisha mwili wake ukachomwa katika tanuri la Kariokor, na hapo maneno yakawa mengi, maana Mkikuyu, kama Wakenya wengi, huzikwa shambani kwake, na kuchoma maiti watu wengi walikuona kuwa desturi ya Wahindi. Nadhani jamaa zake walihitaji ujasiri kuliko sisi sote tuliokuwa tukilia mbele ya televisheni.

Kuna jambo jingine nililowaambia wanakamati, ambalo wengi hawakulijua. Miti ya kwanza ya kazi ya Maathai ya kupanda miti, iliyokuja kuitwa Green Belt Movement, ilipandwa tarehe 5 Juni 1977 katika uwanja wa Kamukunji, nayo ilikuwa miti saba, kila mmoja kwa heshima ya kiongozi wa zamani aliyekwisha kufa. Miongoni mwao walikuwamo Waiyaki wa Hinga, Mekatilili wa Menza na Nabongo Mumia. Kazi yote ile, iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, ilianza kwa kuwakumbuka wafu. Na tangu mapema akina mama wa vijijini walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliotiwa ardhini.

Jirani yetu hakuwa mwanachama wa kundi lolote, lakini sheria yake ilikuwa hiyo hiyo. Aliotesha miche katika pakiti za maziwa tulizozitupa, akizitoboa chini kwa msumari, na mche wa kwanza alikupa bure. Baada ya miezi mitatu alikuja kuutazama, akisingizia kwamba anapita tu. Aliyeuacha ukakauka hakupewa mwingine, hata angekuja na pesa mkononi. Mimi ni mmoja wao, na nililiandika hilo katika wasifu.

Jeneza la mafunjo hatukulipata, kwa kuwa siku nne hazikutosha. Fundi wetu alitafuta mbao kuukuu za masanduku ya mizigo, akazing'oa misumari, akazipiga randa, na upande wa miguu pakabaki herufi tatu za rangi nyeusi ambazo randa haikuziondoa. Binti yake alizipapasa kwa kidole, akasema zibaki.

Miche thelathini na mmoja ilipandwa kando ya uwanja wa shule baada ya mazishi. Miwili imekwisha kuliwa na mbuzi. Jumamosi hii ni zamu yangu ya kumwagilia, na yule mzee aliyeuliza watu watasemaje ameniagiza nije na panga, tukate miiba ya kuzungushia iliyobaki.