Hilo Nalo ni Kosa? Kusoma Kusadikika Darasani

Kwa miaka mingi nilianza kufundisha Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Niliandika ubaoni kwamba Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, nikaongeza mistari mitatu kuhusu ukoloni wa Waingereza, kisha nikawaambia wanafunzi kwamba Kusadikika, nchi ya kubuni ya riwaya hiyo, ni Tanganyika. Waliinakili sentensi hiyo, wakaikariri, na siku ya mtihani wakanirudishia kama nilivyowapa. Historia ilibaki katika ukurasa wa kwanza wa daftari na riwaya ikaanzia ukurasa wa pili, wala hazikukutana tena.

Siku moja tulikuwa tunasoma shauri la Karama, ambaye anashtakiwa na Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria nchini mwake. Binti mmoja wa kidato cha tatu, kidole chake bado kiko kwenye mstari aliokuwa akiusoma, akainua uso na kuuliza, "Mwalimu, hilo nalo ni kosa?" Ilikuwa rahisi kumjibu kwamba hayo ni mafumbo tu, lakini nilijizuia, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko majibu yote niliyokuwa nimeyaandaa.

Wiki iliyofuata niliwaeleza habari za mahakama za wenyeji. Chini ya sheria ya mwaka 1929, mahakama hizo, ambazo ndizo zilizosikiliza mashauri ya Waafrika walio wengi, ziliwekwa chini ya usimamizi wa maofisa tawala badala ya Mahakama Kuu, na wakili hakuruhusiwa kusimama humo kumtetea mtu. Kila mmoja alijisemea kwa kadiri ya ulimi wake. Msomaji akilifahamu hilo, Karama anaacha kuwa mhusika wa ngano, na zile hotuba zake ndefu, ambazo kila mwaka wanafunzi hunilalamikia kwamba zinachosha, zinageuka kuwa ndilo tendo kuu la riwaya: mtu asiye na wakili anasimama mbele ya watawala, siku baada ya siku, akijitetea kwa maneno matupu. Hapo ndipo ninapowakumbusha pia kwamba mwandishi alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo ya kikoloni tangu mwaka 1926, akianzia idara ya forodha, na kwa hiyo lugha ya ofisi aliijua kwa ndani.

Swali la pili lilinipa kazi zaidi. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini tunasema watesi ni Waingereza, ilhali mfalme wa Kusadikika na wakubwa wake wote ni Wasadikika. Fomula yangu ya ubaoni haikuwa na jibu. Ilibidi turudi kwa gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, na utaratibu wake wa kutawala kupitia machifu, ambao mwanakijiji aliujua kwa sura ya mtu wa kwao: aliyemtoza kodi, aliyemwita barazani, aliyemhukumu. Naamini mvulana yule aliisoma riwaya vizuri kuliko mimi. Kusadikika haiwalaumu wageni peke yao; inauliza mtawala yeyote anawafanyia nini watu wanaomletea shauri jema. Wajumbe sita wanatumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, na wakirudi na busara walizozikusanya wanatiwa gerezani.

Lakini muktadha nao unaweza kumpotosha mwalimu asipokuwa mwangalifu na tarehe. Riwaya ilichapishwa mwaka 1951. Mwishoni mwa mwaka huo huo Wameru wa kaskazini mwa Tanganyika waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Nilipowasimulia kisa hicho, darasa zima lilitaka kumfanya Kirilo kuwa mmoja wa wajumbe wa Kusadikika. Niliwakatalia: kitabu kilikwisha kuandikwa kabla ya safari hiyo. Nilichowaruhusu ni kuuliza jinsi Mtanganyika aliyekinunua mwaka 1952 alivyoweza kuzisoma zile safari, na hilo ni swali jingine kabisa, nalo lina uzito wake.

Sasa sianzi tena na ubao. Tunafungua kitabu kwanza, tunasoma kwa sauti, na mahali anapokwama mtu ndipo tunapoiita historia. Muhula huu binti mwenye lile swali la kwanza ameomba asome sehemu ya Majivuno, kwa sababu, alivyoniambia, anataka kujua inakuwaje mtu akaamini kwa moyo wote kwamba kufundisha sheria ni hatari.