Pomboo wa Mekong na boti za Mtera

Anayewaza kuwapeleka wageni kutazama viboko na ndege Bwawa la Mtera angepaswa kwanza kuisoma Kampi, kijiji cha mkoa wa Kratie, Kambodia. Wanakijiji wa pale huwapandisha wageni boti kwenda kuwaona pomboo wa Irrawaddy ndani ya mto Mekong. Mwaka 1997 pomboo hao walikadiriwa kuwa 200 hivi. Hesabu ya 2020 ikapata 89. Muuaji mkuu ni nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua. Pomboo anapumua kwa mapafu, kwa hiyo akinasa na kushindwa kuibuka anakufa kwa kukosa hewa, hata kama mvuvi alitega samaki tu.

Basi kabla ya kupanga bei ya tiketi, uliza anayetega nyavu ni nani, na kama hela ya boti inamfikia. Mara nyingi haimfikii. Wanaokula ni kaya chache za karibu na gati, ilhali pomboo anapita vijiji kadhaa, na wavuvi wa huko wanaambulia katazo. Kwa hili WMA zetu, yaani maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na jumuiya za vijiji, kama MBOMIPA ya Idodi na Pawaga kule Iringa, zina umbo zuri zaidi: vijiji vingi, chombo kimoja. Ila mgao usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, usiishie kwa viongozi.

Gharama ya doria itolewe kabla ya mgao: mafuta, posho, tochi. Nyavu hutegwa jioni na kutolewa alfajiri; doria ya saa sita mchana ni matembezi. Mkazo uwe kiangazi, maji yanapopungua na pomboo, samaki na wavuvi wote wakabanana kwenye sehemu zilezile zenye kina.

Kwenye boti: zima injini mbali, malizia kwa kasia. Pomboo hutafuta njia na chakula kwa sauti, na mlio wa injini unamvuruga. Msimkatie njia wala kumzingira. Nahodha alipwe kwa safari, kwani anayetegemea bahshishi atasogea tu mgeni akiomba picha. Kulisha ni marufuku: Novo Airão, Brazili, pomboo waliozoea samaki wa mkononi wamefikia kugombana na kuuma watu.

Kuzima injini, hata hivyo, msikuige Mtera. Kiboko akikujia, kasia halitakuokoa. Iache injini ikinguruma taratibu, kaa mbali, na usijiweke kati ya kiboko na maji ya kina, maana huko ndiko anakokimbilia.